Dodoso la haiba au kipimo cha kufikiri: tutumie kipi kuchagua kikosi cha ubunifu?

Mtafutajibu

Wakuu, habari za kazi. Naomba mwongozo kutoka kwa wanaoijua saikolojia ya ubunifu.

Naongoza kitengo cha usanifu wa bidhaa chenye watu 12. Uongozi unataka tutoe kikosi cha watu 6 kishughulikie bidhaa mpya tu. Pendekezo lililopo mezani ni wote wajaze dodoso la haiba, lile la tabia kuu tano, kisha tuchukue sita wenye alama za juu katika uwazi kwa mambo mapya. Upande mwingine unapinga, unasema haiba haihusiki sana, kinachotakiwa ni kupima jinsi mtu anavyofikiri, na kwamba kufikiri kunafundishika.

Haiba ina mchango gani hasa? Kufikiri kibunifu kunapimwaje bila kununua majaribio ya gharama? Na mtu akionekana ana uwazi mdogo, ndiyo basi tena?

MpimaFikra

Mkuu, msichague kwa dodoso peke yake. Hoja ya uongozi ina ukweli ndani yake, ila nguvu yake ni ndogo kuliko wanavyodhani.

Katika tabia kuu tano (uwazi kwa mambo mapya, nidhamu, uchangamfu, upole na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi), uwazi ndio unaojitokeza kila mara kuhusiana na ubunifu. Gregory Feist alikusanya tafiti za haiba za wasanii na wanasayansi mwaka 1998, na uwazi ulikuwa miongoni mwa tabia zilizowatofautisha wabunifu na wenzao katika makundi yote mawili. Mwaka 2016 Scott Barry Kaufman na wenzake waliugawa uwazi huo sehemu mbili. Mvuto wa hisia, uzuri na ndoto za mchana ulitabiri mafanikio ya sanaa, na mvuto wa kuchimba dhana na hoja ulitabiri mafanikio ya sayansi. Kwa hiyo alama moja ya jumla ya uwazi inakuchanganyia watu wa aina mbili, na kazi yenu ya usanifu inawahitaji wote wawili.

Tuje kwenye hesabu. Uwiano kati ya uwazi na alama za majaribio ya ubunifu (0 ni kutohusiana kabisa, 1 ni kwenda pamoja kikamilifu) kwa kawaida huangukia kati ya 0.2 na 0.4. Tuchukue 0.3. Ukichagua nusu ya juu kwa uwazi, katika kila watu 100 uliowachukua takriban 60 ndio watakaokuwa nusu ya juu kwa ubunifu, na 40 watakuwa nusu ya chini. Kurusha sarafu kunakupa 50. Kwenye kikosi cha watu 6 tofauti hiyo ni chini ya mtu mmoja, na kwa ajili yake mtakuwa mmewafungia mlango watu kadhaa wenye uwezo.

Kuna tatizo jingine. Dodoso linalojazwa kwa ajili ya kuchaguliwa si sawa na dodoso la utafiti. Sentensi kama "napenda kufikiria mambo mapya" hata mtoto anajua jibu linalotakiwa. Mtapima nani anataka nafasi.

Kupima kufikiri ni rahisi kuliko mnavyoogopa. Msingi wake uliwekwa na J. P. Guilford, aliyeuamsha utafiti wa ubunifu kwa hotuba yake ya mwaka 1950 mbele ya chama cha wanasaikolojia cha Marekani. Yeye alitenganisha kufikiri kwa kutawanya, ambako swali moja linazaa majibu mengi, na kufikiri kwa kukusanya, ambako unabanwa hadi jibu moja linalofaa. Jaribio linalotumika zaidi ni la matumizi ya kitu: chukua kitu cha kawaida, mtu ataje kinaweza kutumika kwa kazi zipi nyingine.

Fanyeni hivi. Chagueni vitu vitatu, tuseme tofali, gazeti na kamba. Dakika 3 kwa kila kimoja, kila mtu peke yake, kwa maandishi. Maelekezo yaseme wazi: andika matumizi ya kibunifu, yale ambayo wengine hawatayafikiria. Ukisema "andika mengi uwezavyo" utapata orodha ndefu ya mambo ya kawaida, na atakayeongoza ni mwenye mwandiko wa haraka. Muda ukiisha, kila mtu aweke alama kwenye majibu yake mawili anayoona ni bora.

Kusahihisha ndiko kunakoharibika mara nyingi. Njia ya zamani inahesabu jibu adimu kuwa ndilo la kipekee. Kwa watu 12 njia hiyo haifai, kwa sababu jibu lililotolewa na mtu mmoja tu tayari ni zaidi ya asilimia 8 ya kundi, na karibu kila jibu litaonekana adimu. Tena aliyeandika majibu 20 atapata mengi adimu kuliko aliyeandika 6, kwa wingi tu. Badala yake, chapeni majibu yote bila majina, changanyeni mpangilio, na wapeni watu watatu wasio kwenye kitengo wayapime kila mmoja peke yake, 1 hadi 5. Alama ya mtu ni wastani wa yale mawili aliyoyachagua mwenyewe. Hapo mtakuwa mmepima pia kama anatambua wazo lake zuri, na huo ni ujuzi kamili wenye kujitegemea.

Wapimaji wakipishana alama 2 au zaidi kwenye majibu mengi, simamisheni. Wapeni majibu mengine ya mfano wayajadili mpaka waelewane kuhusu kigezo, kisha waanze upya. Wasikae kuvutana juu ya majibu yaleyale, maana mwenye sauti kubwa ndiye atakayeshinda.

Mwl_Dhana

Nakubaliana na MpimaFikra, naongeza upande wa stadi, kwa sababu hapo ndipo mtapata faida ya haraka.

Mnasema "kufikiri kunafundishika". Ndiyo, na ushahidi upo. Mwaka 2004 Ginamarie Scott, Lyle Leritz na Michael Mumford walichambua tafiti 70 za mafunzo ya ubunifu. Mafunzo yalisaidia, na yaliyosaidia zaidi ni yale yaliyofundisha mbinu mahususi za kufikiri pamoja na mazoezi yanayofanana na kazi halisi. Siku ya kuhamasishana tu, ya kucheza michezo na kuambiwa "jiachieni", haimo kwenye kundi hilo.

Chukua tofali hilohilo. Mtu akianza, anachota kumbukumbu: kujengea ukuta, kujengea tanuri, kujengea ngazi, kuzuia mlango. Manne, lakini matatu ya kwanza ni wazo moja lililobadilishwa nguo. Kumbukumbu ikikauka wengi huweka kalamu chini. Anayeendelea hubadili mbinu: anakivunja kitu kwenye sifa zake. Tofali lina uzito, basi ni nanga au jiwe la mizani. Lina ukwaruzo, basi linanoa au kusugua. Linatunza joto, basi lipashwe moto lipashie chakula. Linanyonya maji, basi liloweshwe liwe kipozeo. Linasagika, basi ni unga wa rangi nyekundu. Sifa tano, matumizi saba, na hakuna hata moja lililotoka kwenye kumbukumbu ya ujenzi. Ken Gilhooly na wenzake waliwasikiliza watu wakifikiri kwa sauti kwenye jaribio hili mwaka 2007 na wakaona mpangilio huohuo: kumbukumbu hutangulia, na mawazo mapya zaidi yanakuja kwa mbinu kama hizi za kuchambua kitu.

Sasa angalia haiba inavyoingia. Mbinu ya kuchambua sifa unaweza kumfundisha mtu kwa saa moja. Lakini kati ya kumbukumbu kukauka na mbinu mpya kushika kuna dakika ngumu, dakika ya ukimya na karatasi tupu. Mwenye uwazi mkubwa anaivumilia kwa sababu kutojua kunampendeza. Mwenye uwazi mdogo anaiona ni dalili ya kushindwa, anafunga kazi mapema. Ukimpa utaratibu unaomwambia "hapa andika sifa tano, sasa chukua ya kwanza", dakika ile ngumu inafupika. Kwa hiyo jibu la swali lako la tatu ni hapana, si ndiyo basi tena. Huyo anahitaji hatua zilizoandikwa, na akiwa na nidhamu atazifuata kuliko mwingine yeyote.

Na msikimbilie majibu kabla ya kulichokonoa swali. Jacob Getzels na Mihaly Csikszentmihalyi waliwapa wanafunzi wa sanaa meza mbili zenye vitu 27, kila mmoja apange vyake na kuvichora. Waliovishika vitu vingi zaidi na kuvichunguza kabla ya kuamua wachore nini, ndio ambao michoro yao ilihukumiwa kuwa ya kipekee zaidi. Matokeo yalitoka mwaka 1976. Kwa kitengo chenu maana yake ni dakika 10 za kuliandika tatizo upya kwa namna 6 tofauti kabla ya wazo lolote. "Tupunguze uzito wa chupa" si swali moja na "tumwezeshe mnunuzi abebe maji mengi bila kuchoka". La kwanza linakupeleka kwenye unene wa plastiki, la pili kwenye mshikio, magurudumu, au kujaza upya.

Mtafutajibu

Nashukuru sana, Mwl_Dhana na MpimaFikra. Mmenifungua macho. Mambo mawili yamebaki. Je, akili ya kawaida, ile ya majaribio ya IQ, tuipuuze? Na vikao vyetu vya pamoja vya kutoa mawazo, ambavyo wachangamfu ndio wanaong'ara, vinafaa kama kipimo?

MpimaFikra

Kuhusu IQ: Kyung Hee Kim alijumlisha tafiti nyingi mwaka 2005 akapata uwiano wa karibu 0.17 tu kati ya IQ na majaribio ya ubunifu. Kuna dhana ya muda mrefu kwamba IQ husaidia mpaka 120, kisha basi. Emanuel Jauk na wenzake waliipima mwaka 2013, wakakuta kizingiti kinategemea unadai nini. Kwa wingi wa mawazo kilikuwa karibu na 85, kwa upekee wa mawazo mawili bora karibu na 100, na kwa wastani wa upekee wa mawazo yote karibu na 120. Juu ya kizingiti, haiba ndiyo iliyotabiri zaidi. Kwenye mafanikio halisi ya kibunifu hawakuona kizingiti. Wabunifu wa bidhaa waliokwisha kufuzu na kufanya kazi wengi wako juu ya viwango vya chini, kwa hiyo kuwapanga kwa IQ kutawaongezea kidogo sana.

Ila uwezo wa kushika mambo kadhaa kichwani bila kuyapoteza una kazi yake. Shelley Carson na wenzake walipima mwaka 2003 kichujio cha akili, kile kinachotufanya tusijali tena kitu tulichokwisha kukizoea. Wanafunzi wenye mafanikio makubwa ya ubunifu walikuwa na kichujio kilicholegea zaidi, na mchanganyiko wa kichujio kilicholegea na IQ ya juu ndio uliotabiri mafanikio hayo. Hapa ndipo haiba na kufikiri vinaposhikana kweli. Uwazi unaingiza malighafi nyingi, na kufikiri kunaipanga na kuitupa isiyofaa. Malighafi nyingi bila uwezo wa kupanga humchanganya mtu, na uwezo wa kupanga bila malighafi unatoa kazi safi isiyo na jipya.

Karakana77

Hilo la vikao nalichukua mimi. Mkuu, usiwapime watu kwa kikao cha kuongea. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha chanzo kikubwa cha hasara: watu wanasubiriana. Mmoja anapoongea wengine wananyamaza, wazo linapotea au mtu analikata mwenyewe kabla zamu yake haijafika. Watu wanaofanya kazi kila mmoja peke yake, kisha mawazo yakaunganishwa, hutoa mengi kuliko idadi ileile ikiwa imekaa pamoja. Na mchangamfu anang'ara kwa sababu anashika zamu, jambo ambalo halisemi lolote kuhusu ubora wa anachofikiri.

Tumieni karatasi za kuzunguka. Watu 6, kila mmoja anaandika mawazo 3 ndani ya dakika 5, anampa wa kulia kwake, anayepokea anasoma na kuongeza matatu. Mizunguko 6 ni dakika 30 na mawazo 108, ingawa mengine yatajirudia. Ninyi 12 mnatoa makundi mawili kamili. Mzunguko wa tatu na wa nne ndio unaochosha, hapo watu huanza kulalamika kwamba yameisha. Msikubali kukata. Tangu miaka ya 1950 inajulikana kwamba mawazo ya baadaye katika orodha huwa ya kipekee kuliko ya mwanzo, na kasi ndiyo inayopungua. Ukikata kwenye mzunguko wa tatu umechukua yale ya kawaida na kuyaacha yale uliyokuja kuyatafuta.

Tahadhari moja kubwa kwa wasanifu: msiwaonyeshe mfano kabla. David Jansson na Steven Smith walifanya majaribio na wanafunzi wa uhandisi na wahandisi wenyewe, wakayachapisha mwaka 1991. Walioonyeshwa mchoro wa mfano walinakili vipengele vyake, hata vile walivyokatazwa waziwazi kuvitumia. Kazi mojawapo ilikuwa kikombe kisichomwagika, maelekezo yakisema hakuna mrija, na bado mrija ukarudi kwenye michoro yao. Kama kiongozi ana wazo lake, alifiche mpaka karatasi zimalize kuzunguka.

Kisha toeni mapumziko, lakini si ya kukaa bure. Ut Na Sio na Thomas Ormerod walijumlisha mwaka 2009 tafiti 117 za kuliacha tatizo kwa muda. Mapumziko yenye kazi nyepesi yalisaidia kuliko yenye kazi nzito, na waliokuwa wamelihangaikia tatizo kwa muda mrefu kabla ya kupumzika walifaidi zaidi. Kupanga stoo au kutembea kunatosha. Kujibu barua pepe za kazi kunaharibu.

Kuchagua kufanyike baada ya mapumziko, na kwa safu mbili tofauti: upya 1 hadi 5, uwezekano 1 hadi 5. Mkitumia alama moja ya "ubora", watu huelemea kwenye linalowezekana na kuliangusha lile la ajabu bila kujua wanafanya hivyo. Yale yenye upya 4 au 5 na uwezekano 2 yawekeni pembeni, yapewe wiki moja ya kutafutiwa njia. Hapo ndipo wenye nidhamu na uwazi mdogo wanapokuwa dhahabu, kwa sababu swali limebadilika: halitaki tena wazo, linataka njia.

Mtafutajibu

Karakana77, ubarikiwe. Uongozi unataka pia zawadi ya fedha kwa atakayetoa mawazo mengi kwa mwezi. Tukubali?

Mwl_Dhana

Kwa idadi, hapana. Ukilipia idadi utaletewa idadi, na yale ya mzunguko wa kwanza ndiyo rahisi kuzalisha. Teresa Amabile aliwapa waandishi 72 kazi ya kutunga shairi fupi. Waliotakiwa kwanza kutafakari sababu za nje za kuandika, kama fedha na sifa, walitunga mashairi yaliyohukumiwa kuwa na ubunifu mdogo kuliko ya kundi ambalo halikufanyiwa hivyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1985. Zawadi ikibidi, ielekezwe kwenye upya, itolewe kwa kikosi kizima, na isemwe wazi kigezo ni kipi. Robert Eisenberger na wenzake wameonyesha kwamba zawadi inayodai upya waziwazi inaweza kusaidia. Fedha hizohizo zingewanunulia muda wa kuchezea vifaa, nami ningechagua hilo.

Kuhusu kikosi chenyewe: fanyeni jaribio la vitu vitatu kwa wote 12, rudieni baada ya wiki mbili kwa vitu vingine, mchukue wastani, kwa sababu siku moja mbaya inatosha kumwangusha mtu. Chukueni wanne wa juu. Wawili waliobaki wachaguliwe kwa kazi walizokwisha kukamilisha mpaka mwisho, hata kama alama zao ni za kati. Dodoso la haiba lijazwe baada ya uteuzi, kila mtu abaki na matokeo yake, litumike kugawana kazi: nani aanze na kuandika upya swali, nani akabidhiwe yale yenye uwezekano 2.

MpimaFikra

Naongeza moja tu kwenye kurudia jaribio: vitu vya mara ya pili visifanane na vya kwanza kwa umbo wala kazi. Aliyejibu kamba mara ya kwanza ukimpa waya mara ya pili, atarudisha majibu yaleyale na alama zitapanda bila sababu. Baada ya tofali, gazeti na kamba, mpeni kijiko, tairi na kiatu. Na wapimaji wawe walewale watatu.